Joey Alexander: Chipukizi wa piano kutoka Bali
JOEY Alexander alizaliwa Juni 25, 2003 katika kisiwa cha Bali, Indonesia. Akiwa na umri wa miaka sita, alianza kuiga vibao vya Thelonious Monk kwa kusikiliza tu rekodi za babake.

Mnamo 2013 alitwaa tuzo kuu ya shindano la Master-Jam Fest mjini Odessa, Ukraine, akiwapiku wapinzani waliomzidi umri. Mwaka uliofuata, Wynton Marsalis alimwalika kutumbuiza New York. Wazazi wake waliihama nchi yao ili kipaji chake kisidumae.

Albamu yake ya kwanza, My Favorite Things (2015), iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Hakushinda, lakini hakulegeza kamba. Katika Origin (2022), nyimbo zote alizitunga mwenyewe.