Kabla ya X nyekundu: kibali cha kujenga Eastlands kilitoka wapi

Wasee, leo tuongee kuhusu ile X nyekundu. Ukipita Huruma, Kayole ama Pipeline utaiona kwa ukuta wa ploti ya orofa sita. Chini yake kuna mama anauza sukuma, nguo zimeanikwa kila roshani, watoto wanateremka ngazi na mitungi ya maji. Hiyo X inamaanisha afisa alikuja, akaangalia, akaamua hii nyumba haifai kusimama. Halafu akaenda zake, na watu wakaendelea kulipa kodi kila tarehe 5.

Ukiuliza mbona, kila mtu ana jibu moja: ufisadi. Sawa, sikatai. Kitu kidogo kipo, tena kikubwa. Lakini hilo jibu linaanza hadithi karibu na mwisho. Mimi naona shida ni ya zamani zaidi. Hapa kwetu Eastlands, kibali cha kujenga hakikuanza kama kitu cha kumlinda mtu asiangukiwe na nyumba. Kilianza kama kitu cha kuamua nani akae wapi, na kwa muda gani.

Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli. Tauni ilipoingia 1902, bazaa ya Wahindi ilichomwa moto. Mwaka 1913 akaletwa daktari Mwingereza, Profesa Simpson, kuangalia afya ya miji, na dawa aliyopendekeza ni kutenganisha watu kwa rangi. Kumbuka hiyo hoja, juu itarudi kila wakati: mtu mweusi anahamishwa, na sababu inayoandikwa kwa karatasi ni "afya" ama "mpango wa mji".

Waafrika walikuwa wameshajijengea vijiji vyao, Pangani kikiwa kimojawapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ikatenga Pumwani kuwa mtaa rasmi wa Waafrika. Ukipewa ploti Pumwani uliruhusiwa kujenga, lakini nyumba ya udongo na miti, ya mtindo wa Kiswahili, ujia katikati na vyumba pande zote mbili. Ardhi haikuwa yako. Ulikuwa na ruhusa ya kuikalia tu. Kati ya wenye nyumba hizo walikuwepo wanawake wengi waliojikusanyia pesa zao wenyewe, na walikuwa kati ya malandlodi wa kwanza wa hii sehemu ya mji. Mnamo 1939 Pangani ikabomolewa yote. Watu wakaambiwa wahamie nyumba mpya za manispaa, na mtaa huo mpya wakauita Shauri Moyo. Hilo jina halikutoka kwa ofisi. Lilitoka kwa watu walioambiwa wachague wakati hakuna cha kuchagua.

Mitaa mingine ya kanjo ilifuata: Kariokor ilikuwepo tayari, Ziwani na Kaloleni zikaja miaka ya 1940, Bahati, Maringo na Jericho miaka ya 1950. Nyumba nyingi zilichorwa kwa hesabu ya mwanaume mmoja na kitanda chake, kwa sababu mfanyakazi alitarajiwa kumaliza kazi arudi reserve. Mpango mkuu wa mji wa 1948 ulikuwa na jina linalosema yote, mpango wa mji mkuu wa kikoloni. Hata hivyo nyumba zenyewe zilijengwa vizuri. Nenda Kaloleni uone nafasi kati ya nyumba na nyumba, uone miti. Mkoloni alijua kujenga. Kile hakujali ni kama unakaa na bibi yako ama hapana.

Uhuru ukaja 1963, na hapa ndipo wengi hufikiria sheria ilibadilika. Mwaka 1968 Kenya ikapata sheria ndogo za ujenzi, zile tulizoziita building code miaka nenda miaka rudi, na zilikuwa mtoto wa sheria za Uingereza. Wachoraji wa ramani wanapenda kusimulia kwamba masharti ya paa yalihesabu uzito wa theluji. Theluji, Nairobi! Hata ukiiweka kando hiyo ya theluji, kiini kilikuwa hiki: nyumba halali ni ya mawe, yenye choo cha maji na vipimo ambavyo mtu wa mshahara mdogo hawezi kulipia. Kulikuwa na daraja la pili la masharti nafuu kidogo, lakini kanjo halikupenda kulitumia, lilionekana ni kama kukubali slum.

Sasa fikiria. Mkoloni alikuwa anazuia watu kuingia mjini, uhuru ukafungua mlango, watu wakaja kwa maelfu, na sheria inawaambia nyumba mnayoweza kumudu ni haramu. Watu wangefanya nini? Walijenga. Mathare, kampuni za kununua ardhi zilijenga maelfu ya vyumba vya mbao kwa muda mfupi tu, mwishoni mwa miaka ya 1960, bila kibali. Mahali pengine kanjo lilikuja na tingatinga. Mwaka 1990 ilikuwa Muoroto, Mei 2020 ikawa Kariobangi Sewerage, tena katikati ya korona. Kwa hivyo mtoto wa Eastlands akikua, anamjua afisa wa ujenzi kama mtu wa tingatinga. Hajawahi kumwona akipima simiti.

Kuna wakati karibu tupatie. Mwaka 1975 Dandora ilianza kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ploti kama 6,000. Unapewa kipande cha ardhi chenye maji, sewa, choo na bafu, halafu vyumba unajijengea pole pole kwa mkopo wa vifaa. Benki na kanjo walivutana kuhusu viwango, lakini wazo lilikuwa zuri: mpe mtu halali anayoweza kumudu. Umoja nayo ikaja kwa pesa za Wamarekani, nyumba ndogo za familia ambazo zingeongezwa chumba taratibu.

Zikaongezwa, na si chumba. Ziliongezwa orofa. Hebu piga hesabu. Ploti ilipangiwa familia moja, ama moja na wapangaji wachache. Weka orofa sita, kila orofa vyumba vinane: ni kaya 48. Bomba la sewa ni lile lile, barabara ni ile ile, na dirisha lako linaangalia ukuta wa jirani ambao unaweza kuugusa. Umoja Innercore, Kayole, Huruma, Dandora yenyewe, hesabu ni hiyo.

Msomi mmoja, Marie Huchzermeyer, aliandika kitabu kizima mwaka 2011 akilinganisha Nairobi na Berlin ya karne ya 19, maana Wajerumani pia walirundikwa kwa maploti ya orofa nyingi yenye ua mdogo wa giza. Sheria ya Berlin ya 1853 ilidai ua uwe na upana wa kama mita 5.3 kila upande, ili gari la zimamoto ligeuke. Ilifikiria moto, haikufikiria mtu anayeishi pale. Lakini angalau moto ulifikiriwa! Ingia ploti ya Pipeline leo uniambie zimamoto itageukia wapi.

Hapa lazima nitenganishe vitu viwili ambavyo sisi huvichanganya. Kuna kibali cha mpango: hii ardhi ni ya nini, orofa ngapi, umbali gani kutoka mpaka na mto, hewa itapita wapi. Halafu kuna idhini ya ujenzi wenyewe: injinia amechora msingi, nguzo na nondo, na mkaguzi anakuja kuangalia kabla simiti haijamwagwa. Kile cha kwanza ndicho kilitumika kutuhamisha tangu Pangani, na tukajifunza kukikwepa. Tatizo ni kwamba tulikwepa vyote viwili kwa mpigo mmoja, na hicho cha pili hakina siasa. Sehemu kubwa ya Eastlands iko juu ya ule udongo mweusi unaonata kwa viatu. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unasinyaa na kupasuka. Zege nayo hupimwa nguvu yake siku ya 28, na kabla ya hapo inahitaji kumwagiwa maji ikomae. Mtu wa haraka anang'oa mbao mapema, anapandisha orofa nyingine, anapunguza simiti kwa mchanganyiko. Halafu anapaka rangi ya peach.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la orofa sita liliporomoka Huruma. Lilikuwa kando ya mto na maafisa walisema lilikuwa limeshatiwa alama ya kubomolewa. Watu takriban 50 walikufa. Mtoto mchanga alitolewa hai baada ya siku tatu na zaidi. Mwaka mmoja kabla, jengo lingine lilikuwa limeanguka hapo hapo Huruma, na serikali ikaagiza majengo yakaguliwe. Juni 2017 ikawa Kware, Pipeline. Desemba 2019 ikawa Tassia, watu 10. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ilikuwepo wakati wote huo, sheria yake ni ya 2011.

Kwa hivyo mtu akiniambia Kenya haina sheria, nacheka. Sheria ya mipango ya 2019 inasema ukijenga bila kibali ni faini isiyozidi shilingi 500,000, ama kifungo kisichozidi miezi miwili, ama vyote. Linganisha hiyo faini na kodi ya kaya 48 kwa miezi michache. Masharti mapya ya ujenzi, ya 2024, yalianza kazi Machi 2025, na ile karatasi ya 1968 hatimaye ikapumzishwa. Miaka 57!

Na katika haya yote, toka Pumwani hadi leo, kuna mtu mmoja ambaye hakuna karatasi inayomtaja: mpangaji. Ramani ina jina la mwenye ploti, msanifu, injinia, afisa. Wewe unayelala chini ya hiyo slabu hauko. Ukienda kuona keja unaulizwa kitambulisho, dipositi na umeolewa ama bado. Wewe hujawahi kuuliza kama jengo lina cheti cha kukaliwa, na ukiuliza mlinzi wa ploti atadhani umetumwa na kanjo. Uliza tu. Na mtaani kwenu wakianza kuchimba msingi, kwa mabati kunatakiwa kuwe na bango lenye namba za vibali, jina la msanifu, la injinia na la kontrakta. Kama bango halipo na jengo limefika orofa ya tatu, piga picha, weka tarehe, peleka kwa ofisi za hiyo mamlaka ya ujenzi, ukiwa na jirani wawili watatu. Mtu mmoja akienda peke yake kesho yake anatafutwa.