Ua Mbele ya Lenzi, Mkono Nyuma Yake

Picha za kwanza za mimea hazikuhitaji kamera. Mwaka 1834, katika jumba la Lacock Abbey nchini Uingereza, William Henry Fox Talbot alianza majaribio ya kuchovya karatasi katika maji ya chumvi, kuipaka nitrati ya fedha, kulaza jani juu yake, kulikandamiza kwa kioo na kuianika juani. Palipopigwa na mwanga paliiva na kuwa peusi. Palipofunikwa na jani pakabaki peupe. Mimea ilifaa kwa kazi hiyo kwa sababu za kawaida kabisa: ilikuwa tele bustanini, ililala bapa, na haikuchoka kusubiri.

Mwaka 1842 mwanafalaki John Herschel alivumbua sayanotaipu, njia inayotumia chumvi za chuma badala ya fedha. Karatasi huoshwa kwa maji matupu na picha hutokea nyeupe juu ya buluu nzito. Anna Atkins, aliyejua mimea vizuri, aliichukua njia hiyo na kuanzia Oktoba 1843 akawa anatoa, sehemu kwa sehemu, kitabu cha mwani wa Uingereza. Hata maandishi yake yalichapwa kwa buluu hiyo hiyo. Kitabu hicho mara nyingi hutajwa kuwa cha kwanza kupambwa kwa fotografia. Katika miaka ya 1850, akisaidiana na rafiki yake Anne Dixon, alihamia kwenye makangaga na mimea yenye maua. Mwani wa baharini ni wa kijani, wa kahawia au mwekundu. Kwenye kurasa za Atkins wote ni mweupe. Tangu mwanzo, basi, rangi ya mmea pichani iliamuliwa na mtu pamoja na kemikali zake.

Kamera ilipoingia bustanini ilikuja na ila kubwa: kemikali za wakati ule ziliona buluu vizuri na nyekundu karibu haziioni kabisa. Waridi jekundu lilitoka jeusi, na ua la buluu likapauka. Adolphe Braun, msanifu wa michoro ya vitambaa kutoka Mulhouse, Ufaransa, alipiga mamia ya picha za maua namna hiyo na kuzionyesha Paris mwaka 1855. Hakukusudia sanaa ya kutundikwa ukutani. Alitaka kuwapa wachoraji wa vitambaa na karatasi za ukutani vielelezo vya kufuata. Uzuri ulikuja wenyewe. Dawa ya ila ile ilianza kupatikana mwaka 1873, Hermann Wilhelm Vogel alipogundua mjini Berlin kwamba kuongeza rangi fulani katika kemikali hizo kunazifanya zione kijani na manjano.

Wengine hawakungoja kamera inase rangi zenyewe. Nchini Japani, Ogawa Kazumasa alitoa mwaka 1896 kitabu cha maua ya nchi yake ambacho picha zake zilipakwa rangi kwa mkono baada ya kuchapwa, na matokeo bado yanashangaza kwa ulaini wake. Mwaka 1907 ndugu wa Lumière walianza kuuza sahani za otokromu, zilizotandazwa chembe za wanga wa viazi zilizotiwa rangi tatu. Sahani hizo zilihitaji mwanga mwingi na muda mrefu, kwa hiyo bustani zikawa miongoni mwa mada zake kuu.

Mtu aliyebadilisha jicho la watazamaji kuliko wote ni Karl Blossfeldt, na hakujihesabu kuwa mpigapicha. Alijifunza uchongaji na usubu wa chuma, na kuanzia 1898 akafundisha chuo cha sanaa mjini Berlin. Picha alizipiga ili wanafunzi wake waone maumbo ya mimea: chipukizi, vikonyo na vitumba, vikikuzwa hata mara 30 mbele ya mandhari tupu ya kijivu au nyeupe. Kitabu chake, Urformen der Kunst, kilitoka mwaka 1928, akiwa na umri wa miaka 63, na kikamletea umaarufu ghafla. Wengi walisifu ukweli usiopambwa wa picha zile. Lakini Blossfeldt alikata majani yaliyomkera, akachagua kikonyo kimoja kati ya vingi, akakisimamisha apendavyo, na akasahihisha picha kwa mkono pale alipoona inafaa. Ukweli ule ulifanyiwa kazi kubwa.

Marekani, Imogen Cunningham alikuwa nyumbani akilea wana watatu wadogo alipogeukia mimea ya bustani yake. Manolia aliyoipiga karibu mwaka 1925 inajaza fremu nzima, kila stameni ikionekana. Mwaka 1932 alikuwa miongoni mwa waasisi wa kundi la f/64 huko California, lililojipa jina la tundu dogo la lenzi linalofanya vya karibu na vya mbali vionekane vikali sawasawa. Baadaye, jijini New York, Robert Mapplethorpe aliyaingiza maua studio na kuyapangia taa kama anayepiga picha ya mtu, hadi kifo chake mwaka 1989.

Mwaka uliofuata, Februari 1990, programu ya Photoshop iliingia sokoni. Ilianza kama kazi ya Thomas Knoll, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, pamoja na ndugu yake John. Uwezo wa kupanga picha kwa matabaka ulipoongezwa mwaka 1994, mhariri aliweza kulaza picha ya karatasi kuukuu juu ya petali, kuyeyusha usuli, au kuunganisha picha kadhaa za ua moja, kila moja ikiwa kali mahali pake, zikawa moja iliyo kali kote. Kwa picha za karibu sana, ambako hata tundu dogo la lenzi halitoshi, mbinu hiyo ya mwisho imekuwa msaada wa kweli.

Lawama kwamba uhariri umeharibu picha ya ua zinasahau rangi za mkono za Ogawa na kisu cha Blossfeldt. Mpaka upo mahali pengine: picha inayotolewa kama ushahidi wa mmea haipaswi kuongezwa wala kupunguzwa kitu, na ndiyo maana mashindano makubwa ya picha za wanyamapori na mimea hudai faili ghafi kutoka kwenye kamera kabla ya kutoa tuzo. Picha ya sanaa haina deni hilo, mradi mwenyewe asiiuze kwa jina la ushahidi.