Java, Koltani na Migomba: Historia ya TP Moja



Kwa mwanafunzi wa informatike, TP ya kuprogramu picha na sauti kwa Java inaonekana kama kozi ya kupita tu: unafungua dirisha, unachora duara, unalisogeza, unapata pointi zako, unarudi nyumbani. Mimi ni mtu wa kilimo. Lakini nikifuata miaka ya somo hili, naona inatembea sambamba na miaka ya Masisi na Walikale. Tuiangalie historia hiyo kidogo kidogo, maana inatuhusu kuliko vile tunazania.

Java ilianza mwaka 1991 huko Marekani, kwenye kampuni ya Sun Microsystems. Kikundi kidogo, ndani yake James Gosling, Mike Sheridan na Patrick Naughton, kilitafuta namna ya kuendesha vyombo vya nyumbani kama televisheni. Lugha yao waliiita kwanza Oak. Mwaka 1992 wakaonyesha kifaa cha kushika mkononi, Star7. Kwenye kioo chake kulikuwa katuni inaitwa Duke, inampitisha mtu ndani ya nyumba ya kuchorwa, na mtu anagusa kwa kidole. Angalia vizuri: lugha ilikuwa bado haijapata jina la Java, lakini tayari ilikuwa inachezesha picha. Basi TP ya picha na sauti si kitu walichobandika baadaye. Ilikuwemo tangu mwanzo.

Jina Java, lenye linatoka kwenye kahawa, lilitangazwa mwaka 1995. Toleo la 1.0 likatoka Januari 1996. Ujanja wake ni huu: programu inageuzwa kwanza kuwa kodi ya katikati, halafu kila mashini inakuwa na msomaji wake, wenye wanamwita mashini pepe. Ni kama barua moja yenye kutumwa vijiji vingi, na kila kijiji kiko na mtu wa kuisoma kwa lugha ya pale. Mwaka 1998 toleo jipya likaleta vyombo bora vya kuchora, Swing na Java 2D. Mwaka 2000 toleo la 1.3 likaingiza sauti ndani ya lugha yenyewe.

Na huo mwaka 2000, hapa kwetu kulikuwa nini? Koltani. Bei ya tantali ilipanda sana duniani, kwa sababu simu na ordinatere zinahitaji kapasita ndogo sana za kushika chaji, na tantali inaifanya kazi hiyo vizuri. Masisi watu waliacha majembe ya shamba wakapanda vilima kuchimba. Ilikuwa wakati wa vita, na wenye silaha walijua kujikatia sehemu yao. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na mashimo yakabaki.

Haikupita muda, Walikale nayo ikapata zamu yake. Kuanzia 2002 kasiteriti ya Bisie ikavuta maelfu ya watu. Wapagazi waliibeba ndani ya pori mpaka barabarani, na ndege zilitua juu ya lami ya barabara kule Kilambo kuichukua mpaka Goma. Kasiteriti inatoa bati, na bati ndo inaunganisha vipande ndani ya simu na ordinatere. Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulipokataza risasi kwenye vifaa vingi vya elektroniki, bati ikahitajika zaidi.

Wakati mawe yanashuka vilima, Java ilikuwa inaingia ndani ya simu. Toleo lake la simu, J2ME, lilitengenezwa kwa vyombo vidogo kabisa: kumbukumbu ya kilobaiti 160 ilitosha kuanza. Leo picha moja ya simu yako inapita hapo mara nyingi sana. Mwaka 2002 likaongezwa fungu la sauti na video kwa simu. Ndipo michezo na milio ikajaa kwenye simu za vibonyezo, na wengi wa kizazi changu tulipashana faili za .jar kwa Bluetooth bila kujua kama ile ni Java.

Hakuna mtu anaweza kukuonyesha chembe gani ya bati ilitoka Bisie na gani ilitoka Indonezia. Lakini tulikuwa kwenye ncha mbili za safari hii. Mwanzoni tulibeba jiwe, mwishoni tulibonyeza kitufe. Katikati, penye mtu anaandika maagizo yenye chombo kitafuata, ndipo tulikosekana.

Kukosekana huko kulitugharimu, na hapa naongea kama agronome. Mwaka 2001, mwaka ule bei ya koltani ilianguka, mnyauko wa bakteria ulionekana kwenye migomba ya Masisi. Watafiti waliuthibitisha mwaka 2004. Majani yanageuka njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata unakuta rangi ya kutu ndani. Ugonjwa unasafiri kwa panga lenye halijasafishwa na kwa wadudu wenye wanatembelea ua dume. Kinga yake si ya bei kali: vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, pitisha panga kwenye moto, ondoa shina lenye kuugua. Ni maarifa ya dakika mbili, picha nne na sauti moja. Chombo cha kuyabeba kilikuwa kinaingia mifukoni mwa watu. Programu ya kuyaweka humo, kwa lugha ya mama shambani, ndiyo ilikosekana.

Sasa rudi kwenye ile TP. Kuchora na kuonyesha picha ni somo la kwanza. La pili ni kuchezesha faili la sauti. La tatu ni saa ndogo ndani ya programu: ukiiambia ichore upya kila milisekunde 40, unapata picha 25 kwa sekunde, na jicho linaona mwendo. Ukiweka hizo tatu pamoja, uko na somo la mnyauko lenye linaongea Kihunde, Kinyarwanda au Kinyanga, hata kwa mtu hajui kusoma. Sun ilianza kufungua kodi ya Java mwaka 2006, kwa hiyo vyombo ni vya bure. Umeme unakatika, ni kweli, na mashini moja tunaigawana watu wengi. Lakini lugha hii iliandikwa kwa kufikiria vyombo vidogo.

Basi mwanafunzi, mwalimu akikuambia chagua mada ya TP yako, usichore tena duara lenye kuruka ruka. Tafuta mwenzako wa kilimo, chukueni picha kwenye shamba la ndizi, rekodini sauti ya mama mwenye anajulikana kijijini. Pointi ni zile zile. Na kisha TP iende shambani, isibaki kwenye flashi.