Ngeta Haina Pointi

Kila nikipost kitu kuhusu jiu-jitsu ya Kibrazili, lazima msee mmoja aulize: "Sawa, lakini nikipigwa ngeta usiku nikienda stage, nitajilaza chini?" Swali ni poa, na historia ya huu mchezo iko upande wake.

Mitsuyo Maeda alitoka Kodokan, shule ya judo ya Tokyo, akafika Brazil 1914. Mjini Belém akamfundisha kijana Carlos Gracie, naye akawafundisha ndugu zake, akiwemo Hélio. Hawa hawakuanza kwa kuuza medali. Waliuza kujilinda: mtu mwembamba akikabwa kwa nyuma akiwa wima, afanye nini?

Kabali ikishika vizuri haizuii pumzi tu. Inabana mishipa ya damu pande mbili za shingo, na kwa sekunde 10 hivi umezima. Kwa hivyo hakuna muda wa kurusha mateke hewani. Kidevu chini, mikono yote miwili ivute ule mkono ulio shingoni, na ushushe kiuno, juu jamaa anataka kukuvuta nyuma usimame kwa visigino. Ukishapata pumzi ndio ugeuke, au umrushe juu ya bega. Judo yenyewe iliweka kabali ya nyuma kwenye Goshin Jutsu, kata yake ya kujihami ya 1956.

Halafu mashindano yakanoga. Leo ukidaka mgongo wa mtu na kumfunga kwa miguu, pointi 4. Ukimwangusha, 2. Kujitoa kwenye kabali mkiwa mmesimama? Sufuri. Kocha atafundisha kinacholeta medali, na simlaumu, hata mimi napenda huo mchezo vibaya sana. Shida yangu ni gym inayoandika "kujilinda" kwenye bango, inachukua pesa ya dem anayetoka job saa tatu usiku, na miezi sita baadaye hajawahi kushikwa shingo akiwa wima hata mara moja. Huyo ameuziwa kitu kingine.

(Na ngeta ya hapa mara nyingi si mtu mmoja. Mmoja anakaba, wengine wanasachi mifuko. Wakitaka simu, wape.)

Kama unafanya mazoezi, wiki hii mwambie kocha akukabe kwa nyuma mkiwa mmesimama, polepole kwanza. Ukizidiwa, gonga mkono wake mapema.