Tarakilishi Kwenye Meza ya Mazungumzo ya Bahari

Wasomaji wangu, leo tuweke kando simu na vivinjari. Nataka niwasimulie habari za programu moja ya tarakilishi ya mwaka 1978. Haikuwahi kuuzwa dukani, na hata wengi wetu tunaoandika programu hatujaisikia. Lakini iliwafanya wanadiplomasia waliokuwa wamekabana koo walegeze msimamo, na wasomi wa mambo ya usuluhishi wanaisomesha hadi leo. Mkenya pia yumo ndani, kwa hivyo nivumilieni nianzie mbali kidogo.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Katika Bahari ya Pasifiki, kati ya Hawaii na Meksiko, sakafu ya bahari kwenye kina cha mita 4,000 hadi 5,500 imetapakaa vinundu vyeusi, vingi vyao ukubwa wa kiazi. Ndani yake mna manganizi, nikeli, shaba na kobalti. Ni mali ya nani? Mwaka 1967 balozi wa Malta katika Umoja wa Mataifa, Arvid Pardo, alisema utajiri huo uwe urithi wa wanadamu wote, usiwe wa yule tu atakayetangulia na meli yake. Mwaka 1970 Baraza Kuu likaukubali msingi huo. Mwaka 1973 ukaanza mkutano mkubwa wa kuandika sheria ya bahari, na ulichukua miaka tisa.

Kenya haikwenda huko kujaza viti. Mwaka 1972, kabla mkutano haujaanza, ilikuwa imekwisha kupeleka rasimu ya kanuni za eneo la kiuchumi la maili 200 za baharini, lile ambalo siku hizi kila nchi ya pwani inalidai kana kwamba lilikuwepo tangu Nuhu. Mwanasheria aliyelipigia debe ni Frank Njenga. Mwaka 1978, maswali magumu yaliyobaki yalipogawiwa makundi, Njenga alipewa uenyekiti wa kundi lililoshughulikia utaratibu wa uchimbaji. Kundi la fedha, yaani nani alipe nini, lilipewa Tommy Koh wa Singapore.

Hapo kwenye fedha ndipo mambo yalipokwama. India, ikizisemea nchi zinazoendelea, ilitaka kila kampuni ilipe dola milioni 60 za kuanzia kwa kila eneo la kuchimba. Marekani ikasema hakuna malipo ya kuanzia, hata senti. Huyu anavuta huku, yule anavuta kule. Na kumbuka hakuna aliyewahi kuendesha mgodi wa aina hiyo. Kila mtu alikuwa anabishana juu ya kitu ambacho hakijawahi kuwepo! Kampuni za madini zilikuwa na hesabu zao, lakini ni nani atamwamini mnunuzi anapokuambia bei ya mali yako?

Basi ikagundulika kwamba chuo cha MIT kilikuwa na modeli ya tarakilishi ya gharama za uchimbaji huo, iliyotengenezwa na kikundi cha J. D. Nyhart na kutolewa mwaka 1978. Tukumbuke zama zenyewe: VisiCalc, lahajedwali ya kwanza iliyoingia katika tarakilishi ndogo, ilitoka mwaka 1979. Mwanadiplomasia wa kawaida hakuwa na mahali pa kubadilisha tarakimu moja na kuona nyingine zote zikijipanga upya.

Modeli yenyewe haikuwa uchawi. Ilichukua mgodi wa kubuni na kuufuata mwaka baada ya mwaka: utafiti, ujenzi wa meli na mitambo, kuvuta vinundu juu, kuvisafirisha, kuvisafisha, kuuza metali. Unaingiza gharama, bei na kodi, inakutolea kiwango cha faida kwa mwekezaji. Ukibadilisha ingizo, jibu linabadilika. Ni kazi ambayo leo mwanafunzi wa mwaka wa pili angeiandika.

Lakini ilikuwa na doa. Ilitengenezwa Marekani, kwa fedha za serikali ya Marekani. Kwa nini India iiamini? Hapa ndipo ninapopapenda. Watu wa MIT hawakuja na jibu moja lililofungwa kwenye bahasha. Walieleza makadirio yao na kukubali kuulizwa. Vilevile kulikuwa na mikutano ya kando iliyoandaliwa na Waquaker (ndio hao hao wa Kaimosi) pamoja na Wamethodisti, ambapo wajumbe waliweza kuwahoji wataalamu bila kuonekana wamesalimu amri mbele ya wenzao.

Mjumbe wa India akauliza pendekezo lake litaleta nini. Akaonyeshwa kwamba dola milioni 60, zikilipwa miaka mitano kabla mgodi haujaingiza chochote, zingefanya iwe karibu haiwezekani kwa kampuni kuchimba. Akasema atafikiri upya. Lakini msicheke upesi. Modeli hiyo hiyo iliwaonyesha Wamarekani, ambao habari zao nyingi zilitoka kwa kampuni za madini, kwamba malipo fulani ya kuanzia yanawezekana na mgodi bado ukapata faida. Nao wakabadilisha msimamo. Shoka lilikata pande zote mbili, na nadhani bila hilo lisingeaminiwa na yeyote.

Matokeo yako kwenye Kiambatisho cha Tatu cha Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982. Nilipokisoma kifungu cha 13 nilihisi ninasoma programu. Ada ya maombi dola 500,000. Ada ya kila mwaka dola milioni moja. Kisha mwekezaji anachagua njia mojawapo kati ya mbili: kulipa tozo la uzalishaji peke yake, asilimia 5 kwa miaka kumi ya kwanza na 12 baadaye, au kulipa tozo dogo, asilimia 2 kisha 4, pamoja na sehemu ya faida. Kwenye njia ya pili, mgodi ukiwa umekwisha kurudisha mtaji wake, kuna sharti ambalo kwa lugha yetu ya kazi lingeandikwa hivi:

kama faida baada ya kutoza 4% iko chini ya 15%
   toza 2%
la sivyo
   toza 4%

Hiyo ni sheria ya kimataifa, jamani. Mwaka mbaya unamwonea huruma mwekezaji, mwaka mzuri unawapa wanadamu wote zaidi. Pande mbili zisizokubaliana kuhusu kesho ziliacha kubishana juu ya kesho, zikakubaliana kuhusu "kama".

Wasomi hawakuchelewa. James Sebenius, aliyekuwa katika ujumbe wa Marekani, aliandika makala mwaka 1981 akiiita tarakilishi hiyo mpatanishi. Mwaka huo huo Roger Fisher na William Ury wakatoa kitabu chao maarufu cha Getting to Yes, na kisa hiki kimo humo kama mfano wa kutumia kigezo kisichoegemea upande badala ya kushindana kwa ubishi. Mwaka 1982 Howard Raiffa, bingwa wa hesabu za maamuzi, akatoa kitabu chake cha mazungumzo ya mapatano, naye akakichambua. Mwaka 1983 Harvard na majirani zake wakaanzisha programu maalum ya utafiti wa mapatano. Fani ambayo zamani iliachiwa wazee wenye busara na mabalozi wenye ndimi tamu ikapata maabara.

Sasa niwape upande ambao hausimuliwi sana. Aprili 1982 mkataba ulipitishwa kwa kura 130 dhidi ya 4. Marekani ya Reagan ilikuwa kati ya zile nne. Mwaka 1994 nchi zikafanya makubaliano mapya, na aya nyingi za kile kifungu cha 13, pamoja na "kama" yetu nzuri, zikaondolewa. Na hadi ninapoandika haya, hakuna kinundu hata kimoja kilichochimbwa kibiashara chini ya utaratibu ule. Mgodi wa kubuni umebaki wa kubuni.

Je, programu ilishindwa? Kama utabiri, ndiyo. Lakini nadhani hilo ndilo fundisho lenyewe. Haikuhitaji kuijua kesho ili isaidie. Ilihitaji tu kuwa kitu ambacho mahasimu wawili wanaweza kukiuliza swali moja na kupata jibu moja, kila mmoja akiona hesabu imepita wapi. Sisi wapenzi wa programu huria tunalijua jambo hili: watu huamini kile wanachoweza kukifungua.

Na mambo hayajaisha. Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao yake Kingston, Jamaica, bado inabishana kuhusu kanuni za uchimbaji. Kikao cha Julai 2025 kilimalizika bila kuzipitisha. Mwaka 2018 MIT ilirudi mezani na modeli mpya ya fedha. Safari hii kundi la nchi za Afrika lilipinga, likisema malipo yanayopendekezwa hayatoshi kuwafidia wanadamu kwa mali yao.

Naona wana hoja. Modeli inayoanza kwa kuuliza mwekezaji apate faida gani itakupa jibu sahihi la swali hilo, na wengine wote watapata kitakachobaki. Mwaka 1978 ujuzi ulikuwa kuuliza modeli ya mwenzako. Leo tungefaa kuwa tunaandika ya kwetu. Vijana wa hesabu na programu tunao, Nairobi, Lagos na kwingineko. Kwenye meza kama hiyo, anayeandika maingizo amekwisha kusema neno la kwanza kabla mwenyekiti hajafungua kikao.

Nyinyi mwaonaje?