Kutoka mahabusu hadi hospitali: Birmingham na walionusurika kujiua

Tarehe 3 Agosti mwaka 1961 sheria fupi iliidhinishwa nchini Uingereza. Kifungu chake cha kwanza kilifuta kanuni iliyodumu kwa karne nyingi katika England na Wales, kwamba kujiua ni jinai. Kanuni hiyo ilipofutwa, aliyejaribu kujiua akanusurika naye hakuwa tena mhalifu. Miezi minne baadaye, tarehe 9 Disemba, Tanganyika ikapata uhuru wake, huku Kanuni ya Adhabu iliyorithi kwa Waingereza ikiwa bado na kosa hilo.

Je, mtu aliyenusurika apelekwe wapi: kwa hakimu, kwa daktari, au nyumbani kwa jamaa zake? Birmingham, jiji la pili kwa ukubwa nchini England, limejibu swali hilo kwa namna tofauti katika nyakati tofauti.

Majengo matatu ya Winson Green

Kati ya mwaka 1849 na 1852 Birmingham ilifungua majengo matatu makubwa yaliyokaribiana katika eneo la Winson Green. Gereza lilitangulia mwaka 1849. Mwaka uliofuata ikafunguliwa hospitali ya wendawazimu, ambayo baadaye iliitwa All Saints. Mwaka 1852 ikafuata nyumba ya mafukara, ambamo maskini walipewa chakula na malazi kwa kufanyishwa kazi.

Mtu aliyenusurika angeweza kuishia katika jengo lolote kati ya hayo. Akikamatwa na polisi, alifikishwa mbele ya hakimu. Mahakimu wa England wa zama hizo mara nyingi walimweka mtu kama huyo rumande kwa siku chache, kisha wakamwachia iwapo jamaa zake waliahidi kumwangalia. Daktari akimwona kuwa mgonjwa wa akili, alipelekwa hospitali, na hati ya kumpokea ilikuwa na swali maalumu: je, mtu huyu ana mwelekeo wa kujiua? Hivyo, kwa tendo lile lile, mtu aliweza kuitwa mhalifu au mgonjwa, kutegemea ni nani aliyemfikia kwanza.

Gereza lenyewe halikuwa mahali pa usalama. Mwezi Aprili mwaka 1853 kijana wa miaka 15, Edward Andrews, aliyefungwa kwa wizi wa nyama, alijiua humo baada ya kupewa adhabu za kikatili. Tume iliundwa kuchunguza, na mwaka 1855 aliyekuwa mkuu wa gereza, Luteni William Austin, akahukumiwa kifungo cha miezi mitatu. Kisa hicho kilisikika nchi nzima. Kilidhihirisha kwamba kuta na kufuli peke yake havimlindi mtu aliyekata tamaa.

Sheria yabadilika

Sheria ya zamani iliwaadhibu hata wafu. Hadi mwaka 1823 maiti ya aliyejiua iliweza kuzikwa njia panda bila sala, na hadi mwaka 1870 mali yake iliweza kutwaliwa na Taji. Walio hai nao waliendelea kushtakiwa hadi karne ya 20. Mwaka 1956 visa 5,387 vya watu waliojaribu kujiua viliorodheshwa katika England na Wales. Kati ya watu hao, 613 walifikishwa mahakamani na 33 wakafungwa jela. Wengine wengi waliachiwa, walitozwa faini au waliwekwa chini ya uangalizi.

Wakati huo maoni yalikuwa yameanza kugeuka. Mwaka 1953 kasisi Chad Varah alianzisha jijini London huduma ya kuwasikiliza kwa simu watu waliofikiria kujiua, ambayo ndiyo iliyozaa shirika la Samaritans. Mwaka 1959 kamati ya Kanisa la England ilihoji iwapo jambo hilo listahili kuwa jinai. Mwaka huo huo Sheria ya Afya ya Akili iliwaondolea mahakimu kazi ya kuamuru raia apelekwe hospitali ya magonjwa ya akili na kuwakabidhi madaktari na maafisa wa ustawi wa jamii. Miaka miwili baadaye jinai yenyewe ikafutwa.

Bado mlango ni wa polisi

Hata hivyo, kufutwa kwa jinai hakukumwondoa polisi katika habari hii. Kifungu cha 136 cha sheria ya mwaka 1959, ambacho namba yake haikubadilika katika sheria ya mwaka 1983, kilimpa askari uwezo wa kumchukua mtu aliyemkuta hadharani akiwa katika dhiki ya akili na kumpeleka mahali pa usalama kwa muda usiozidi saa 72, ili achunguzwe. Mtu huyo hashtakiwi kwa lolote. Lakini mahali pa usalama, mara nyingi, palikuwa mahabusu ya kituo cha polisi. Katika kipindi cha mwaka 2005 hadi 2006, zaidi ya watu 11,500 walizuiliwa hivyo vituoni, ilhali waliopelekwa hospitali moja kwa moja walikuwa 5,900 hivi.

Birmingham ndiko kulikotokea kesi iliyoifedhehesha hali hiyo. Mwezi Disemba mwaka 2004 mwanamke mmoja alichukuliwa na polisi chini ya kifungu hicho. Kisa chake hakikuhusu jaribio la kujiua, ila sheria iliyotumika ni hiyo hiyo. Alikaa mahabusu zaidi ya saa 72 akisubiri nafasi hospitalini, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Tarehe 3 Mei mwaka 2012 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikubali kwamba hakuna aliyekusudia kumdhalilisha, lakini ikaamua kwamba kumweka hivyo bila matibabu kulivunja marufuku ya kumtendea binadamu kwa namna ya kudhalilisha. Alilipwa fidia ya euro 3,000.

Katika jiji hilo hilo njia nyingine zilikuwa zikijaribiwa. Katika mtaa wa Sparkbrook, wenye wahamiaji wengi, daktari Christine Dean na wenzake waliwatibu nyumbani watu waliozidiwa na maradhi ya akili, na mwaka 1990 walichapisha matokeo yao katika jarida la British Medical Journal. Mwezi Januari mwaka 2014 lilianza kuzunguka Birmingham gari lililombeba askari pamoja na muuguzi wa magonjwa ya akili na mhudumu wa dharura. Mwaka 2017 sheria ilipunguza muda wa kifungu cha 136 hadi saa 24, inayoweza kurefushwa kwa saa 12 tu, na ikapiga marufuku kuwaweka watoto mahabusu.

Mgonjwa akihitaji kubaki hospitalini, kifungu cha 2 kinaruhusu azuiliwe hadi siku 28 ili achunguzwe, na kifungu cha 3 hadi miezi sita ili atibiwe. Lazima aelezwe haki zake kwa namna anayoielewa, na anaweza kukata rufaa mbele ya baraza huru. Anayezuiliwa kwa kifungu cha 2 ana siku 14 za mwanzo za kufanya hivyo.

Urithi wa Afrika Mashariki

Kanuni za Adhabu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliandikwa chini ya utawala wa Uingereza. Nchini Kenya kifungu cha 226 kilidumu hadi tarehe 9 Januari mwaka 2025, pale Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipokitangaza kuwa kinakwenda kinyume na katiba. Nchini Tanzania kosa hilo liliwekwa katika kifungu cha 217. Pale ambapo sheria ya namna hiyo ingalipo, familia huwa na sababu ya kumficha mgonjwa wao, na daktari hukosa kuambiwa ukweli.

Kati ya kufutwa kwa jinai na hukumu iliyotokana na kesi ya Birmingham ilipita karibu miaka 51. Kufuta kosa huhitaji kalamu ya bunge au ya jaji. Kumtoa mgonjwa mahabusu huhitaji kitanda, muuguzi na gari la kumfikisha, na hivyo hugharimiwa kila mwaka.

Msikilizaji, iwapo wewe au mtu wako wa karibu anafikiria kujiua, usikae na jambo hilo peke yako: mweleze mtu unayemwamini, au nenda hospitali iliyo karibu. Walio Uingereza wanaweza kuwapigia Samaritans bila malipo, usiku na mchana, kwa namba 116 123.