Hija

Hija ni safari ya ibada ambayo mtu huifunga kwenda mahali patakatifu, akiwa ametia nia kabla ya kuondoka. Kitenzi chake ni kuhiji, na anayehiji huitwa haji au hujaji (wingi: mahujaji). Katika Kiswahili neno hili lahusu kwanza safari ya Waislamu kwenda Makka, kisha safari za waumini wa dini nyingine. Liko jirani na maneno safari, msafara, umra, ziara na hijra, na mara nyingi huchanganywa nayo. Nia na masharti ndivyo vinavyoitenga hija: mfanyabiashara na hujaji wanaweza kupanda ndege moja kwenda Jeddah, wakaketi kiti kwa kiti, na kila mmoja akawa katika safari yake.

Asili ya neno

Hija limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kukusudia. Kiebrania kina neno la ukoo huohuo, hag, yaani sikukuu. Zamani za hekalu, wanaume wa Kiyahudi walitakiwa kwenda Yerusalemu mara tatu kwa mwaka: Pasaka, sikukuu ya Majuma na sikukuu ya Vibanda. Zaburi 120 hadi 134, zinazoitwa nyimbo za kupanda, huhusishwa na safari hizo.

Hijra linafanana na hija kwa sauti tu. Mzizi wake ni mwingine, wenye maana ya kuacha na kuhama, nalo ni jina la kuhama kwa Mtume Muhammad kutoka Makka kwenda Madina mwaka 622, mwaka ambao kalenda ya Kiislamu huanzia. Anayehajiri huacha kwao akaweka makazi kwingine. Anayehiji hungojewa nyumbani.

Hija ya Makka

Hija ni nguzo ya tano ya Uislamu, faradhi mara moja katika maisha kwa mwenye uwezo wa mali na afya. Aliyeshindwa kabisa kwa ugonjwa, au aliyefariki kabla ya kuitimiza, aweza kuhijiwa na mwingine. Hiyo ni hija ya badali. Hufanyika katika Mfunguo Tatu, yaani mwezi wa Dhulhija, kuanzia tarehe 8 hadi 12 au 13.

Maandalizi huanza nyumbani. Hujaji hulipa madeni, huacha matumizi ya kuwatosha wanaomtegemea, huandika wasia na kuzunguka kwa ndugu na majirani kuomba radhi. Kwa waendao kwa ndege, rubani hutangaza kwamba mikati inakaribia, yaani mpaka ambao hujaji haupiti bila kuhirimia, kuingia katika hali ya ibada iitwayo ihramu. Wanaume huwa wamekwisha kujitanda shuka mbili nyeupe zisizoshonwa. Wanawake hubaki na mavazi yao ya stara. Tangu hapo hakuna manukato, kukata kucha, kuwinda wala kugombana, na tajiri hatambulikani kwa nguo.

Tarehe 9 mahujaji husimama Arafa mpaka jua kutua, na anayeikosa Arafa ameikosa hija. Usiku hulala Muzdalifa na kuokota vijiwe vya kurusha Mina. Tarehe 10 ni siku ya kuchinja, ambayo Waislamu duniani kote huisherehekea kama Idi kubwa. Hija ina pia tawafu, yaani kuizunguka Al-Kaaba mara 7, na kwenda mara 7 baina ya vilima vya Safa na Marwa. Anayerudi huitwa Alhaji au Hajati. Rais wa pili wa Tanzania, Ali Hassan Mwinyi, alijulikana kwa cheo hicho.

Umra na ziara

Umra ni hija ndogo. Ina ihramu, tawafu na Safa na Marwa, haina Arafa, na yaweza kufanywa karibu wakati wowote wa mwaka. Haimwondolei mtu faradhi ya hija.

Ziara ni kutembelea kwa heshima. Kuzuru kaburi la Mtume Madina si sehemu ya hija, ingawa mahujaji wengi hawapendi kurudi bila kufika huko. Lamu hupokea wageni wengi wakati wa Maulidi katika Mfunguo Sita, wanaofika Msikiti wa Riyadha na kuzuru kaburi la Habib Swaleh, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1935. Nje ya dini, neno ziara hutumika hata kwa kiongozi anayekagua miradi mkoani.

Safari na msafara

Safari ndilo neno pana kuliko yote: hija ni safari, lakini si kila safari ni hija. Msafara ni watu waendao pamoja, kama wale waliobeba bidhaa kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji katika karne ya 19. Hija nayo huweza kuzaa safari nyingine. Ibn Battuta alitoka Tangier mwaka 1325 kwa nia ya kuhiji, akaendelea kusafiri kwa miaka mingi, na karibu na mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa.

Hija za Wakristo

Wakristo walianza mapema kwenda Yerusalemu na Roma, na baadaye Santiago de Compostela nchini Hispania. Afrika Mashariki, hija kubwa ni ya Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni, siku ambayo Karoli Lwanga na wenzake waliuawa mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi 22 Wakatoliki kuwa watakatifu mwaka 1964. Waanglikana waliouawa katika mateso hayohayo huheshimiwa pia hapo. Wapo wanaotembea kwa miguu siku nyingi, wengine wakitokea nchi jirani. Kibeho, Rwanda, huwavuta mahujaji kwa sababu ya matokeo ya Bikira Maria yaliyoanza mwaka 1981.

Mahali pa matambiko

Desturi za asili zina safari zake takatifu. Wamijikenda hutambika katika makaya, misitu mitakatifu ya pwani ya Kenya iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Miaka ya 1904 na 1905 watu wa makabila mengi walimiminika Ngarambe kwa mganga Kinjikitile Ngwale kufuata maji ya dawa. Safari hizo ziliwakutanisha watu ambao hawakuwa na mtawala mmoja, zikatayarisha Vita vya Maji Maji.

Matumizi ya sasa

Mahali pamoja paweza kupokea wasafiri wa aina zote. Butiama lilipo kaburi la Julius Nyerere, mwanafunzi anayekwenda kujifunza historia yuko katika ziara. Mkatoliki anayekwenda kuombea kutangazwa kwa Nyerere kuwa mwenye heri aweza kusema kwa haki kwamba anahiji.